Mawe Matano Yanayotazama Dadamu

Mgeni akiniuliza Arua kuna nini cha kuona, mimi humwambia avae viatu vya kutembea. Sina subira na watu wanaokuja kutoka Kampala, wakashinda siku tatu kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, kisha wakarudi kwao kusema mji wetu hauna kitu. Bwawa hata kwao lipo. Vya kwetu viko nje, juani, na havina tiketi: mikaratusi mirefu ya barabara za juu, nyumba za kale za Wazungu zenye veranda pana ambazo leo ni ofisi za serikali, nyasi za pembeni ambako wanafunzi hulala Jumapili mchana wakiwa wamejifunika vitabu usoni, na upande wa mashariki Mlima Wati, umekaa peke yake kama mtu aliyekosana na ndugu zake. Hayo yote nimewaonyesha watu tangu utotoni. Kwa muda mrefu nilijiona mimi ndiye mwenye mji.

Mahali nilipopaweka mwisho, mgeni akishachoka na kuanza kulalamika miguu, ni ukingo mmoja upande wa nyuma wa Kilima cha Arua, chini ya kota tulizokaa wakati baba yangu alipokuwa karani wa stoo ya serikali. Hapo ardhi inakatika ghafla. Unaona mapaa ya mji, barabara ya Koboko ikipita katikati ya mashamba ya muhogo, miti ya Dadamu, na mbali kabisa, siku ambayo mvua imeosha hewa, Mlima Liru. Kushoto kuna mgongo wa rangi ya buluu, nao ni Congo. Na pale ukingoni kulikuwa na mawe matano yaliyopangwa nusu duara, ya kukalia. Nilikuwa nikiwaambia wageni, tena kwa kujisifu, kwamba kiti kile nilikitengeneza mimi nikiwa na miaka saba.

Sasa siyasemi tena maneno hayo. Mawe yale yalikuwa alama ya kaburi la mdogo wangu, na mimi ndiye niliyeyahamisha.

Mama ni Mkakwa wa Koboko. Baba alikuwa Mlugbara wa Dadamu. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili cha kota, kile kilicholetwa na askari na wachuuzi, ambacho watu wa pwani wangekisikia wangeshika vichwa. Mwaka ninaousema tulikuwa tumerudi kutoka Congo tulikokimbilia wakati wa vita. Baba alirudishiwa kazi yake, tukapewa chumba kimoja na kibaraza, na humo mama akajifungua mtoto wa kike. Kwa desturi yetu mzazi wa mtoto wa kike hukaa ndani siku nne. Hatoki mlangoni hata kwa jambo gani, mpaka siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Mtoto yule alikufa siku ya tatu. Hakupata jina.

Kumpeleka Dadamu haikuwezekana. Boma la babu lilikuwa majani tupu, watu walikuwa hawajarudi, na katika ukoo wetu mtoto hazikwi mahali ambapo hakuna anayepika. Basi baba akambeba mwenyewe alfajiri, akamzika nyuma ya kota, kwenye mteremko unaoelekea kwao. Ardhi ilikuwa ya serikali na kuzika hapo kulikatazwa, kwa hiyo hakuweka saruji wala msalaba. Aliweka mawe matano. Mama alikuwa ndani, hakuona kitu. Alipotoka siku ya nne mikono mitupu, homa ilikuwa imemshika vibaya, na ndugu zake wakaja kumchukua. Walimuuguza Koboko mpaka mvua zikaisha.

Mimi sikuambiwa lolote. Wakati ule mtoto wa miaka saba aliambiwa kwamba mdogo wake amerudi alikotoka, akapewa kikombe cha uji, mazungumzo yakaisha. Baba alipotumwa kazini Moyo mwezi mzima, nikabaki na shangazi aliyekuwa akilala mchana, nami nikazurura. Nikayaona mawe matano mazuri, yameviringika, yamekaa nyuma ya kichaka ambacho hakikuruhusu mtu kuona mbali. Niliona hasara. Nikayasukuma moja moja kuteremka hadi ukingoni, mwendo wa hatua kama thelathini, kazi iliyonichukua alasiri mbili na kucha za vidole viwili. Kisha nikakaa juu yake nikatazama Dadamu, na nikafurahi sana.

Mama aliporudi kutoka Koboko, baba alikuwa ameshamwelekeza kwa maneno tu: nyuma ya kota, mawe matano, panatazama nyumbani. Akaenda peke yake. Akayakuta mawe matano, nayo kweli yalikuwa yanatazama nyumbani. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya kanisa, mama alipita pale kumwamkia mtoto wake; mimi nilidhani anakwenda kupumzika tu kwenye kiti changu.

Baba aliporudi nikamwonyesha kiti changu, naye akakuta mambo yameshakaa hivyo. Alikuja kuniambia mimi, miaka mingi baadaye, akiwa kitandani hospitalini, nami nikiwa na miaka ishirini na miwili. Mama alikuwa ametoka kuchota maji. Baba alisema kwa sauti ndogo, bila kunilaumu, "Mama yako nalia mahali si penyewe. Mimi niliona roho yake imetulia, nikanyamaza. Wewe pia nyamaza."

Nikamuuliza penyewe ni wapi.

"Juu. Pale ulitoa mawe. Wewe najua kuliko mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mwaka mama alipoomba wazee waende wakamfukue mtoto wamlete Dadamu, baba alisema mwakani. Mwakani nyingine ilipokuja ilimkuta amelala kaburini. Nami nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Niliolewa Koboko, nikafungua duka la vitenge sokoni, nikazaa, nikanenepa. Niliendelea kupandisha wageni kilimani, kwa kuwa walishazoea na kuacha ghafla kungeleta maswali. Ila wao walikaa kwenye mawe, mimi nikasimama.

Mwaka huu kilima kilianza kunitisha. Kwanza ilikuwa rangi nyekundu. Nilifika siku moja na wageni wawili nikakuta kila mti wa mteremko ule una alama ya msalaba uliolala, imepakwa kwa brashi pana, rangi imechuruzika hadi mizizini. Wanaume watatu walikuwa na chombo cha miguu mitatu, mmoja akichungulia, mwingine akishika fimbo mbali. Nikawasalimu. Nikawauliza wanapima nini. "Tunapima tu, mama," wakasema, na hawakuniangalia tena. Wageni wangu walipiga picha zao. Mimi niliangalia vigingi vya mbao walivyopigilia, vimeanzia juu karibu na kota na kuteremka hadi ukingoni.

Wiki mbili baadaye yangeyange waliokuwa wakilala kwenye miti ile hawakuwepo. Miti yenyewe ilikuwa imelala chini. Halafu ukaja uzio wa mabati mapya, umefunga mteremko wote na ukingo ndani yake, na mji ukapoteza mandhari yake ya bure kwa siku moja, bila mtu kusema neno kanisani wala redioni. Watu ni wabishi lakini. Mtu alikata tundu kwenye bati, ukubwa wa sahani, na watu wakawa wanapanga foleni kuchungulia Dadamu kwa jicho moja. Niliichungulia mimi pia. Kilichonishtua si kwamba mbali palionekana kama zamani. Ni karibu palivyokuwa pameondolewa kila kitu, hata nyasi, isipokuwa mawe yangu matano.

Pembeni mwa lango walibandika karatasi. Haikuwa na jina la kampuni, ilikuwa na muhuri tu. Ilisema mwenye kaburi ndani ya eneo aje alionyeshe kabla ya majuma mawili kupita, alifukue kwa desturi yake na kulihamisha, na baada ya hapo asiulize mtu.

Mama alinipigia simu jioni ile ile. Alikuwa Dadamu, kwenye boma la baba ambalo sasa lina watu wengi, na mtu alikuwa amemsomea tangazo.

"Wanafunga mtoto yangu ndani," akasema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutazungumza.

"Hapana zungumza. Mimi miguu yangu imevimba, mwaka huu naona si yangu. Nataka yeye alale karibu na baba yake. Mimi nitalala upande ile ingine. Kwisha. Sitaki ingine katika dunia hii."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka langu, vitenge vinapepea kichwani kwangu. Nilisema ndiyo, Mama. Nilipokata simu nikakaa juu ya mzigo.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda watatu: mama, mimi, na baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Langoni alikaa mlinzi, mwanamume wa makamo aliyevuka kutoka Congo zamani. Alimpa mama kiti chake, nikampenda kwa hilo. Msimamizi alikuja na mabuti yake ya tope, kijana mwenye adabu ya haraka. Alimsikiliza mama mpaka mwisho. Kisha akasugua shingo.

"Mama, usikasirike. Watu mingi nakuja hapa na kaburi ya uongo. Wanapanga mawe usiku, asubuhi wanalia. Wanataka walipwe. Mimi naona hata mawe haina saruji."

"Serikali ilikataza saruji," mama akasema. "Baba yake alikuwa mutu ya serikali. Aliheshimu."

Alisema hivyo kwa fahari. Msimamizi alimtazama, nadhani alimwamini. Akatukubalia: Jumamosi inayofuata tuje na watu wetu na majembe, tuchimbe chini ya mawe, mtoto apatikane aondoke. Akachukua chokaa akamwagia mawe yote matano yakawa meupe, ili dereva wa mashine asiyaguse. Halafu akatazama juu ya mteremko, kuelekea kota, akauliza, "Na huku juu? Hakuna kaburi huku? Sema sasa, kwa sababu tutaanza na juu."

"Hakuna," mama akajibu. "Iko hii moja tu."

Msimamizi akanigeukia mimi. Hakuwa na sababu maalumu. Labda kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na miwani. Baba mdogo pia alinitazama. Nilikuwa nikiona pale mahali, kwa macho yangu yale yale ya utoto, ingawa kichaka kilikuwa kimekatwa: hatua thelathini juu, kulia kidogo, kando ya kisiki. Pangeoneshwa kwa kidole tu.  Nikatikisa kichwa kwamba hakuna.

Mtu anaweza kuuliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kwamba nina wiki nzima. Nilikuwa nawaza kwamba mashine hapa kwetu haijawahi kufika siku iliyosemwa. Barabara yetu tuliambiwa inaanza kesho kwa muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa. Gereda likitoka mjini huharibika njiani, likitengenezwa dereva hana mafuta, mafuta yakija bwana mkubwa yuko semina. Sisi wote tumelelewa na ucheleweshaji huo, tunautegemea kama ndugu. Nilijiambia nitapanda peke yangu katikati ya wiki nimwone msimamizi kando, nimweleze, nimwombe naye adai kwamba vijana wake ndio walioona dalili za kaburi kule juu. Mama asingejua kitu. Mpango ulikuwa mzuri sana garini kurudi Koboko.

Jumatatu nilisema nitakwenda Jumanne. Jumanne mzigo wa vitenge ulivuka kutoka Congo na maafisa wakaushika hadi jioni. Jumatano ni siku ya soko. Hizo ni sababu za kweli, kila moja ina mashahidi, na hakuna hata moja iliyonizuia. Niliogopa, basi. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili na niliogopa uso wa mama yangu.

Jirani yangu sokoni ni mama mmoja kutoka Sudan Kusini, anauza samaki wakavu. Siku hiyo ya Jumatano aliniona nimekunja na kukunjua kitenge kimoja mara nyingi, akaja akakaa. Nilimwambia nusu ya habari: kwamba tunamhamisha mtoto wa familia, Jumamosi. Alitikisa kichwa polepole. Watoto wake wawili aliwazika njiani alipokuwa akikimbia vita, kila mmoja mahali pake, na yeye hakuwa amepita njia ile kabla ya hapo wala baadaye.

"Wewe iko na bahati," akasema. "Wewe najua mahali."

Alirudi kwenye samaki wake. Mimi nilitoka sokoni, nikapanda mpaka pale juu nyuma ya soko ambapo mtu anaweza kusimama akaona nchi mbili zisizo zake, Congo huku na Sudan kule, na hakuna anayekudai chochote kwa kutazama. Ni mahali pangu pa kupumua Koboko. Siku hiyo upande wa Arua, kusini, anga lilikuwa na vumbi jekundu. Nilijiambia ni upepo.

Jumamosi tulipofika langoni mlinzi hakucheka nasi. Alimpa mama kiti, akamwambia pole, kisha akajifanya anatafuta ufunguo. Msimamizi alitupitisha pembeni, kando ya mabati ya ndani ambayo hayakuwepo wiki iliyopita, na yaliyotuzuia kuona sehemu ya juu. Nilisikia ukimya nyuma yake. Baba mdogo alikuwa amekuja na wanaume wawili wa ukoo, majembe mawili, sepetu, na shuka jeupe jipya ambalo mama alikuwa amelifua ingawa ni jipya. Aliliweka mapajani. Alikuwa amevaa gauni lake la ushirika wa kanisani.

Wanaume waliondoa mawe. Wakachimba bila kusema, kama inavyotakiwa. Udongo ulikuwa mgumu. Shimo lilipofika magotini jembe likagonga mwamba, sauti ile ikanipanda menoni. Wakapanua upande wa kulia, wakakuta mwamba. Wakapanua kushoto, mwamba. Baba mdogo akapiga magoti akapangusa kwa mikono, na chini palikuwa jiwe moja kubwa, safi, lisilo na ufa wa kuingiza hata kidole.

Msimamizi alivumilia kuliko nilivyotarajia. Mwishowe akasema, "Mzee, hapa hakuna mutu anaweza kuzika. Hii ni jiwe tangu Mungu aliumba."

Baba mdogo alijipangusa mikono. Aliona aibu, mzee wa watu, ameletwa kusema uongo mbele ya vijana wa kampuni. Mama alikuwa bado amekaa, shuka mapajani. Aliangalia shimo. Nilidhani atalia, na nilijiandaa kwa kilio. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Basi alimtupa."

"Nani?" akauliza baba mdogo.

"Ndugu yako. Choo ya kota ilikuwa na shimo refu. Mimi nilikuwa ndani, nimefungwa na siku nne zenu, sikuona. Alimtupa kama paka, akaniambia mawe. Na mimi nimekuja hapa kila Jumapili kuamkia jiwe." Alianza kulikunja shuka, kona kwa kona. "Msizike mimi karibu na yeye. Nisikieni wote. Nirudisheni Koboko kwa watu yangu."

Baba mdogo alisimama na udongo magotini, mdomo wazi. Alikuwa anamwona kaka yake akiuliwa mara ya pili. Sijui kama ni ujasiri nilioupata au nilikosa tu pa kwenda. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya wanaume wale na mlinzi na msimamizi, kwamba baba hakumtupa mtu. Nikasema mawe niliyahamisha mimi nilipokuwa mdogo, ili nipate mahali pa kukaa nitazame. Nikasema mtoto yuko juu, hatua thelathini, na baba alimzika vizuri, uso ukielekea Dadamu.

Mama aliacha kukunja. "Baba yako alijua?"

"Alijua. Aliniambia ninyamaze."

"Juu wapi?"

Niliinua mkono kuonyesha, na mkono wangu ulielekea kwenye mabati. Msimamizi alikuwa ameshika kiuno, anatazama chini. Mlinzi ndiye aliyetufungulia, kwa kuvuta bati moja lililofungwa kwa waya, na sote tukapita, mama akishikwa mkono na baba mdogo.

Hapakuwa na juu. Mteremko ulikuwa umekatwa wima, na mbele yetu kulisimama ukuta wa udongo mwekundu unaozidi urefu wa mtu, wenye alama za meno ya chuma kutoka juu hadi chini. Chini yake palisawazishwa kama sakafu ya kanisa. Kota zetu za zamani zilikuwa zimebaki kule juu pembeni, zinatuchungulia. Kisiki hakikuwepo, mahali penye kisiki hapakuwepo, hata hewa niliyokuwa nikisimama ndani yake nikiwa mtoto ilikuwa sasa juu ya vichwa vyetu.

"Mashine ilikuja Jumatano," akasema mlinzi. "Ilifanya siku mbili tu. Ile mashine ni mupya."

Mama akauliza, "Na udongo?"

"Lori ilibeba, mama. Wanajaza mashimo kwa barabara. Ingine ya Koboko, ingine huku mjini. Mimi siwezi kujua."

Msimamizi alisema, kwa upole ambao sikuustahili, "Mimi niliuliza. Wiki ile nilisimama pale, nikauliza." Alikuwa akinitazama mimi. Kisha akaenda zake, na nadhani alifanya hivyo ili mama asitazame nani anatazamwa. Lakini mama hakuwa mjinga. Aliniangalia mara moja, akamwangalia msimamizi akiondoka, akaelewa.

 Aliufuata ule ukuta akiugusa kwa kiganja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta mlango. Katikati akasimama. Alichimba kwa vidole, akatoa udongo wa kujaza konzi tano au sita, akautia katika shuka. Hakukubali nimsaidie. Baba mdogo alipotaka kulibeba shuka alimkatalia naye pia, akalipakata mwenyewe garini hadi Dadamu, ameliinua upande mmoja kana kwamba lina shingo.

Tuliuzika udongo ule saa nane mchana, kando ya baba. Wanawake wa boma waliimba wimbo mmoja tu, kwa sababu hawakujua waimbe wangapi kwa mtoto asiye na jina. Baba mdogo aliomba. Katika sala yake alimwomba kaka yake msamaha kwa yaliyosemwa kilimani, na mama akaitikia amina kwa sauti. Nilishukuru kwa hilo. Nilianza hata kufikiri kwamba yamekwisha.

Watu walipokwenda kula, mama alibaki kwenye mkeka, amenyoosha miguu yake iliyovimba, udongo mwekundu ungali katika kucha zake. Nilimletea maji ya kunawa. Hakunawa. Akaniambia nikae.

"Ile ya mawe," akasema, "ulikuwa mutoto. Ile sikuulizi."

Nikasema asante, Mama. Nikaanza kulia.

"Ile baba yako alisema nyamaza, pia sikuulizi. Yeye amekufa." Alingoja nikamaliza kupenga kamasi. "Nauliza ile Jumamosi. Ile mutu alisimama pale, akauliza huku juu iko nini, wewe ukatikisa kichwa. Ile siku ulikuwa na miaka ngapi?"

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja, na nikaona kwamba anataka jibu kwelikweli.

"Arobaini na nne," nikamwambia.